Beti za Maylín

Kwetu Limonar mshairi wa jukwaani hashiki karatasi. Watu wanamtupia mstari wa mwisho, naye papo hapo anaujengea mistari tisa ya kuutangulia huku magitaa yakimngoja. Akimaliza, ubeti umekwenda zake. Kuuandika ni aibu; ni kukiri kwamba kesho hutakuwa na mwingine.

Mume wangu Eleuterio alisahau kila alichoimba jukwaani, na ndiyo maana wapinzani walimwogopa. Kisha tukamzika Maylín, binti yetu wa miaka sita. Tangu siku hiyo akazishikilia beti zote alizowahi kumwimbia mtoto, nyumbani na kwenye sherehe, arobaini na moja, akizirudia kila asubuhi akinyoa ndevu. Mimi nilizisikiliza nikichuja kahawa. Sikujisumbua kuzikariri. Za nini, na mwenye kuziimba yupo?

Jumapili moja, kwenye mashindano, akatupiwa mstari. Akafumba macho, akaimba ubeti wa Maylín na kuubandika mstari ule mwishoni.

"Ndugu yangu, hicho kiporo," akasema Ciro, mpinzani wake. "Tulishakila Krismasi ya juzi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwezi uliofuata yakamkuta yaleyale, tena mara mbili.

"Nikitafuta jipya, zinakuja zilezile," aliniambia tukirudi nyumbani. "Kichwa kimejaa, Nereida."

"Basi ziache."

"Niziache?"

"Ziache, bwana. Utakufa nazo?" Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira hata na marehemu, Mungu anisamehe.

Akaacha kuzirudia. Kufika Februari alipanda jukwaani akamnyamazisha Ciro kabisa. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma.

Siku ambayo Maylín angetimiza miaka minane nilimwomba Eleuterio aniimbie ubeti mmoja wa mtoto, wowote ule. Akaanza vizuri. Mstari wa tatu akakwama. Akajaribu ubeti mwingine, akakwama mapema zaidi.

"Nianzishie wewe," akasema. "Si ulikuwa unasikia kila asubuhi?"

Nilitafuta. Nilipata sauti ya wembe na harufu ya sabuni, basi.

"Usilie, mke wangu. Nakutungia mwingine sasa hivi."

Akanitungia. Ulikuwa mzuri kuliko zote alizowahi kutunga, na mtoto aliyekuwa ndani yake sikumjua.