Mifereji Miwili Ndani ya Kopo

Asubuhi ya siku ile Basili alichota mafuta kwa vidole viwili, akampaka mkewe, Mektrida, mgongoni, akakaza kifuniko cha kopo na kulirudisha juu ya rafu. Kisha akachukua jembe akaenda kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji unaopita vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya koo, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Ilikuwa Juni ya mwaka 1981. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Kilema tangu Jumapili, na migomba ilidondosha maji ingawa mvua haikuwa imenyesha. Mektrida alimsikia akikohoa njiani, akamsikia akiitikia salamu ya jirani, kisha hakumsikia tena.

Saa nne wanaume wanne walimrudisha juu ya machela ya miti na magunia. Moyo, alisema mganga wa zahanati. Mmoja wa wale wanaume, kwa kukosa la kusema, alimwambia Mektrida kwamba maji ya mfereji yalikuwa yameanza kupita vizuri.

Walimzika kihambani, upande wa juu, mahali alipolala baba yake. Siku ya tatu, wageni wengi walipokwisha kuondoka, Mektrida aliingia chumbani, akashusha kopo, akalifungua. Hakutaka kujipaka. Alitaka tu kufanya jambo ambalo mikono yake ililizoea saa ile.

Huku juu, wakati wa baridi, mafuta ya nazi huganda yakawa meupe na magumu kama mshumaa wa altare. Ndani ya weupe ule palikuwa na mifereji miwili midogo, imelala sambamba. Mmoja ulikuwa umenyooka. Wa pili ulipinda mwishoni, kwa sababu kidole cha kati cha Basili kiliwahi kukatwa na panga alipokuwa akipogoa kahawa, kikapona na kubaki kimekunjamana. Mektrida alisogeza vidole vyake karibu na ile alama, akavirudisha. Akalifunga kopo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Ngozi ya Mektrida ilikuwa na tabia zake. Tangu utotoni ilikuwa kavu na nyepesi kukasirika. Sabuni ya kunukia iliifanya ivimbe. Sweta la sufu liliiwasha hadi machozi yamtoke. Alipoolewa alikuwa akioga maji ya moto sana na kujisugua kwa dodoki mpaka mwili uwake, kwa kuwa aliambiwa tangu zamani kwamba ukavu ni uchafu uliogoma kutoka. Kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ilivyopasuka.

Ni Basili aliyemshusha Moshi siku moja, wakaingia dukani kwa Hasmukh kutafuta dawa. Hasmukh hakuwa na dawa. Alimwita mkewe, Sulochana, kutoka nyuma ya pazia, maana binti yao alikuwa na ngozi ya namna ile ile. Sulochana aliushika mkono wa Mektrida, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akauliza anaoga na nini na anaogaje. Alipojibiwa alitikisa kichwa.

“Unajisugua kama sufuria, dada. Wewe si sufuria.”

Akawapa masharti yake pale pale, juu ya meza ya duka, akiyahesabu kwa vidole vilivyonukia bizari. Maji yawe ya uvuguvugu, na asikae ndani yake muda mrefu. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato, tena kidogo, kwapani na miguuni na kule kwingine kunakotoa jasho. Kwingine maji yanatosha. Dodoki alitupe. Asijifute kwa kusugua bali kwa kugusagusa na kanga iliyochakaa. Mafuta ya nazi ayapake kabla maji hayajakauka mwilini, si baadaye. Akiletewa kitu kipya, sabuni au mafuta, akijaribu na kungoja siku mbili. Basi.

“Hivyo tu?” aliuliza Basili, aliyekuwa amevua kofia na kusikiliza kama mtu anayeelezwa ugonjwa wa ng'ombe wake.

“Hivyo tu, baba. Ngozi hii haitaki vitu vingi. Inataka kila siku.”

Waliondoka na chupa moja ya mafuta. Njia nzima ya kupanda Kilema Basili aliyarudia masharti yale, na alipofika nyumbani aliyakumbuka vizuri kuliko mwenye ngozi. Baada ya wiki tatu miguu ya Mektrida ilianza kulainika. Mikono ikafuata. Ulibaki mgongo, na hasa pale katikati ya mabega, ambapo mkono wa mtu haufiki hata ajipinde vipi. Hapo ndipo Basili alipoingia, akabaki kwa miaka kumi na minane.

Hakuna aliyejua. Kama wenzake wa kilabuni wangepata habari kwamba kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Basili humpaka mkewe mafuta, wangemtania mpaka mtungi wa mbege uishe na mwingine uletwe. Yeye mwenyewe alifanya kazi ile bila maneno mengi, akianzia bega la kulia na kushuka. Mpaka wa Kenya, kule Tarakea, ulipofungwa ndipo alipopata utani wake. Alipofika pale katikati ya mabega alikuwa akisimama kidogo na kusema, “Hapa sasa ni Tarakea. Mpaka umefungwa. Mwenye kibali ni mimi peke yangu.” Alilisema hilo kwa miaka minne, na Mektrida kwa miaka minne alijifanya amechoka kulisikia.

Mwaka ule aliofariki, mafuta ya nazi hayakuwapo madukani. Rafu za Hasmukh zilikuwa na viberiti na rangi ya viatu. Sabuni ilikuja kwa mgao, mche kwa kila nyumba, na kuna miezi haikuja kabisa. Yale yaliyobaki ndani ya kopo ndiyo yaliyokuwapo, na kuyachota kungekuwa kuifuta alama ya Basili. Basi Mektrida hakuyachota. Kila asubuhi alifungua kopo, akatazama, akafunga. Kwanza aliacha mafuta, halafu akaacha kujali maji yalikuwa ya moto kiasi gani, halafu siku nyingine hakuoga kabisa. Julai ngozi yake ilianza kupauka kama udongo wa njiani. Agosti ilianza kupasuka.

Flavia, dada yake Basili, alikuja na kipande cha sabuni aliyoichemsha mwenyewe kwa majivu ya maganda ya ndizi na mafuta ya ng'ombe.

“Chukua hii, wifi. Unajikuna kama ng'ombe mwenye kupe, utatuaibisha kanisani.”

Mektrida alicheka kidogo, kwa adabu. Kwa adabu hiyo hiyo aliogea ile sabuni mwili mzima, bila kuijaribu ndani ya kiwiko. Siku mbili baadaye hakuweza kubeba mzigo wa majani mgongoni. Alipovua blauzi ilikuwa imegandamana na ngozi.

Mwezi ule ule Melkior, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, alimleta mkewe akae na mama yake ili nyumba isiwe tupu. Yuditha alikuwa binti wa Kahe, mrefu, mwenye haya, aliyekulia kwenye joto na mifereji ya mpunga. Mlima ulimshangaza. Aliteleza kwenye tope, akavaa sweta mbili na kanga juu yake, akauliza kwa upole kama jua la huku hutoka siku gani. Flavia alimwita mtu wa blanketi. Yuditha alitabasamu, akaendelea kufua.

Katika kufua ndipo alipoona matone ya damu mgongoni mwa blauzi. Alimuuliza mama mkwe wake. Mektrida alimjibu kwamba ni matawi ya kahawa yanamchuna. Yuditha aliitikia. Lakini siku chache baadaye, akitoka zizini, alimwona Mektrida ameegemea mwimo wa mlango, macho ameyafumba, akijisugua mgongo kwenye mbao. Alirudi zizini kimya akangoja mpaka mlango uwe wazi.

Oktoba ukungu uliondoka. Mchana mmoja wa joto Mektrida alifungua kopo, akaona kingo za ile mifereji zinang'aa kwa majimaji. Hakuwa amefikiri kwamba joto nalo lina mkono. Aliliviringisha kopo kwa kitambaa kilicholowa maji, akalificha nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa, kwenye sakafu ya udongo ambako palikuwa na ubaridi daima. Kila mchana alikibadilisha kitambaa. Aliijua hesabu ya majira kama kila mtu wa mlimani: baada ya Novemba inakuja Desemba, halafu Januari, na Januari hapana kitambaa kitakachotosha. Alijua, na bado alikibadilisha.

Siku ya Marehemu Wote alikwenda misa ya asubuhi. Aliketi wima, kwa sababu kuegemea benchi kulimuuma. Majina ya marehemu wa mwaka ule yalisomwa, na jina la Basili lilipita katikati ya majina mengine kwa sauti ile ile, wala halikusimama. Alirudi nyumbani polepole, jua likimchoma mgongoni, akiwaza kwamba akifika atabadilisha kitambaa.

Kitambaa kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba.

Ndani, kopo lilikuwa kando ya jiko la mafiga, limefunguliwa. Yuditha alisimama haraka. Pembeni yake palikuwa na beseni la maji na kanga kuukuu, imekunjwa.

“Nilikuwa nachota maji nikaliona, Mama,” alisema. “Nikajua ndiyo maana hujipaki. Yalikuwa yameganda kama jiwe. Nimeyayeyusha. Kwetu Kahe hayagandi, sikujua hata kama mafuta ya nazi huganda.”

Mektrida alikuja akachungulia. Mafuta yalikuwa maangavu kama maji ya chemchemi. Aliweza kuona hadi chini, ambako palikuwa na doa la kutu ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote ile. Hapakuwa na kitu kingine.

“Umeyaweka motoni.”

“Karibu na moto tu, Mama. Hayakuchemka.”

Mektrida alitoka nje. Alipita kwenye migomba hadi upande wa juu, akasimama mbele ya kaburi. Aliitafuta hasira. Ilikuwapo, lakini kila alipoishika ilikuwa na uso wa yule binti aliyeanika kitambaa kwenye kamba, amekinyoosha vizuri pembe nne. Chini yake mfongo ulikuwa unapita. Wiki iliyotangulia ilikuwa zamu ya jirani kuusafisha, na maji yalikwenda bila kusita, yakikata kona mahali pale pale Basili alipoyakatia.

Alipoingia tena, Yuditha alikuwa bado amesimama. Alikuwa amekwisha kufahamu kwamba ametenda kosa, ila hakujua ni lipi, na machozi yalikuwa karibu.

“Hayo maji,” alisema Mektrida, “ni ya moto?”

“Ya moto, Mama.”

“Yatie ya baridi. Yawe ya uvuguvugu. Ya moto yanaiumiza ngozi hii.”

Alikalia kigoda, akauelekeza mgongo mlangoni penye mwanga, akafungua blauzi. Haikuwa desturi mkwe amwone mama mkwe wake hivyo, na wote wawili walijua. Yuditha aliuona ule mgongo, akasogeza beseni karibu. Mektrida alimwelekeza bila kugeuka. Maji tu, hapana sabuni. Usisugue, gusagusa. Sasa chukua mafuta, kabla maji hayajakauka. Yalikuwa maneno ya Sulochana, lakini sauti aliyoyasikia nayo kichwani ilikuwa ya mwanamume anayepanda Kilema akiwa na chupa mkononi, akiyarudia ili asiyasahau.

“Mikono yangu ina baridi, Mama. Niipashe kwanza?”

“Paka tu.”

Mkono ulikuwa mdogo, na kweli ulikuwa wa baridi. Ulianza bega la kushoto. Mektrida alikaribia kusema kwamba si huko, akauacha uendelee. Mafuta yaliuma penye mipasuko, kisha yakaacha kuuma. Mkono ulishuka, ukapanda, ukafika katikati ya mabega na kusimama, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi.

“Hapa mkono wako haufiki, Mama?”

“Haufiki. Hapo ni Tarakea.”

“Ni wapi, Mama?”

“Endelea,” alisema Mektrida, na Yuditha, aliyekuwa nyuma yake, hakuweza kuona uso wake.

Mafuta ya kopo lile yaliisha kabla ya Krismasi. Yaliyofuata yalikuwa samli ya ng'ombe wao, iliyojaribiwa kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili. Mwaka wa themanini na nne nazi ikarudi madukani, na kopo likajazwa tena. Mektrida hajamwambia Yuditha kilichokuwamo ndani yake siku ile. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, huketi kwenye kigoda na kuupa mlango mgongo. Juni mafuta huganda. Yuditha huchota kwa vidole vitatu.