Petroli Kwenye Mtaro wa Salama

Wavinya alikuwa anageuza mahindi juu ya jiko, pale kwenye kona ya kushukia mji mdogo wa Salama, tanka la petroli lilipotokea juu ya mteremko. Alilijua lile lori kwa mwendo wake. Kila wiki lilishuka pale likitambaa, magari yakipiga honi nyuma yake, na wauzaji wenzake walizoea kulicheka. Yeye hakulicheka. Halikuwahi kumrushia vumbi kwenye mahindi.

Basi moja likachoka kungoja, likaovateki kwenye kona, likakutana na gari linalopanda, likarudi ghafla upande wake. Halikugusa tanka. Lililibana tu hadi magurudumu yakapanda ukingo. Tanka lilisimama hivyo kidogo, kama mtu anayejiuliza aende au asiende, kisha likalala ubavu mtaroni. Basi likaendelea na safari ya Mombasa.

Baada ya hapo kila kitu kilienda taratibu, kama ndotoni. Petroli ilianza kutiririka kutoka kwenye vifuniko vya juu, nyepesi, safi kuliko maji wanayokunywa watu wa Salama. Juu ya mtaro hewa ikawa inacheza. Mawe na miiba ya ng'ambo yakayumba kama yako chini ya maji. Harufu ilikuwa na utamu wake, na Wavinya alisikia kichwa kinakuwa chepesi.

Watu walikuja na mitungi, beseni na sufuria. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena mwezi huo, na wengi wao walikuwa na bodaboda iliyolala nyumbani. Hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Walishuka mtaroni kama wanaoenda kuchota maji. Katikati yao Wavinya alimwona binti yake Mbinya, na ule mtungi wao wa njano.

Dereva alitoka kupitia dirisha lililovunjika. Alikuwa mtu mzima, damu ikimtoka kwenye nyusi. Hakuwaendea watu, wala hakutafuta simu. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Wavinya, macho yake yakiwa kwenye makaa.

"Mwaitu, mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, "zima huo moto. Tafadhali."

Maji yaliyokuwepo ni yale ya kupikia na kunywa, na mwenye punda wa maji angerudi kesho kutwa. Wavinya alitazama mtungi wa maji, akamtazama Mbinya aliyeinama mtaroni, kisha akamwaga maji yote, mahindi yakiwa bado juu. Majivu yalipanda yakamfunika leso. Dereva alifumba macho, akashusha pumzi.

Wakatembea pamoja kibanda hadi kibanda. Kalunde, muuza chai, alikataa mwanzoni. Alitaka kujua tangu lini Wavinya analinda mali ya tajiri. Wavinya alimjibu kwamba hajali mali ya mtu, mtoto wake ndiye yuko kule chini. Kalunde aliangalia mtaroni kidogo, kisha akamimina sufuria nzima ya chai juu ya kuni. Moshi wa mwisho kwenye ile kona ukakatika, na pakawa na utulivu ambao Wavinya hakuwahi kuusikia kando ya hiyo barabara.

Alishuka akamtoa binti yake. Mbinya alikuwa anatabasamu, macho yamelegea, akasema anahisi kama anaelea. Mtungi waliuacha hapo hapo. Wengine walipomwona mama anampandisha msichana aliyelegea hivyo, wakaanza kupanda nao mmoja mmoja.

Moto haukuwaka. Polisi walipofika walimkuta dereva ameketi kwenye jiwe, Kalunde akimfunga kitambaa kwenye nyusi. Inspekta alimsomea sheria ya mwendo wa magari yanayobeba mafuta. Dereva alieleza kwamba alikuwa chini ya huo mwendo. Inspekta akasema angekuwa chini hangeanguka. Kisha wakakagua spidi gavana, kile kidhibiti mwendo cha lori, wakakuta muda wa ukaguzi wake umepita. Dereva alisema alimkumbusha mwenye gari mara nyingi. Simu ya mwenye gari ilikuwa imezimwa. Wakamtia dereva pingu.

Afisa wa barabara, aliyevaa jaketi la kung'aa, aliamuru vibanda vibomolewe. Kuwasha moto kando ya barabara, alisema, kunahatarisha magari ya mafuta, na sheria iko wazi. Nguzo za Kalunde zilianguka kwa teke moja. Jiko la Wavinya, likiwa bado linadondosha maji, lilitupwa nyuma ya pikapu ya polisi liwe ushahidi.

Wavinya aliuliza kuhusu basi. Alikuwa anakumbuka rangi yake na maandishi ya nyuma, akayataja. Inspekta alimwambia aende nyumbani akamwangalie mtoto.

Alimkabidhi Mbinya kwa Kalunde. Kisha akakusanya leso yake, akakanyaga gurudumu, akapanda nyuma ya pikapu, akaketi kando ya dereva wa tanka, aliyekuwa ameshapakiwa humo.

"Shuka, mama," inspekta alisema. "Wewe hujashikwa."

"Najua."

"Sasa unaenda wapi?"

"Kusema huyu alikuwa anaenda polepole."

"Hakuna mtu atakuuliza."

"Basi nitakaa hapo mpaka niulizwe."

Inspekta aliangalia watu waliokusanyika, akaingia mbele. Mlango wa mbele ulifungwa. Ndipo dereva wa tanka akamwambia Wavinya kwamba anaitwa Kimeu, maana huko watamuuliza anamtetea nani.

Pikapu iliondoka kwa kasi, ikaovateki malori mawili kabla ya kutoka Salama. Kimeu hakuweza kujishikilia na zile pingu. Wavinya akashika ukingo kwa mkono mmoja, na mwingine akaupitisha mgongoni kwake, asije akatupwa kwenye kona.