Koti Lililobaki Msumarini

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Butiama kulikucha kukavu, upepo mwembamba ukitoka upande wa ziwa, na wingu moja tu, dogo kama kitambaa cha kufutia ubao, limekaa juu ya njia ya Bunda. Stanslaus Wambura aliliangalia wingu lile huku anapiga mswaki, akaona halimhusu.

Alikuwa na miaka arobaini na nane, fundi mwashi, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya kanisa mtaani kwake, na kwa miaka miwili sasa mwanafunzi wa masomo ya jioni kule Bunda. Saa mbili kamili asubuhi hiyo alitakiwa awe chumba cha mtihani kwa karatasi ya Kiswahili, ya kwanza katika mtihani wa maarifa, ule wa watu wazima ambao hawakupita sekondari. Anayechelewa zaidi ya nusu saa haingii. Mwaka uliopita Stanslaus hakuingia. Alipiga magoti kando ya kitanda kumwomba Mungu amfikishe mapema, kichwa akakiegemeza kwenye godoro, usingizi ukampitia hapohapo. Alipoinuka ilikuwa saa tatu na robo. Mtaa mzima ulijua. Moyoni alishaamua kwamba akikosa tena atamrudishia Mwalimu Consolata, aliyemfundisha jioni, vitabu vyake, abaki na tofali zake mpaka uzeeni.

Hyasinta, mke wake, alitoka ndani na koti la mvua la kijani, lile alilomnunulia sokoni Musoma.

"Baba Florian, lifunge hapo nyuma ya pikipiki."

"Lirudishe msumarini."

"Na mvua?"

"Nimeshaiombea. Itaanza mchana." Alisema kwa upole wa mtu anayefafanua somo. "Nikibeba koti, si nitakuwa namwambia Mungu nimekuomba lakini sina uhakika na wewe?"

Hyasinta aligonga tangi la pikipiki kwa kidole. "Na petroli? Jana ulijaza mpaka juu. Hapo hukuwa na wasiwasi naye?"

Kwa kuwa mwenyekiti hakosi jibu, Stanslaus alipiga kiki, pikipiki ikajibu kwa niaba yake.

Jambo ambalo Hyasinta hakulitaja, kwa huruma tu, ni kwamba ile ilikuwa siku ya mwisho ya novena, sala ya siku tisa ya kuomba mvua. Mahindi yalikuwa yamejikunja mashambani, na kila alfajiri jumuiya ilikusanyika. Aliyeongoza, kwa sauti iliyofika barabarani, alikuwa Stanslaus mwenyewe: "Mvua kubwa, Bwana, isiyochagua shamba." Usiku, kabla ya kulala, alipiga magoti peke yake akaongeza kipengele chake: Jumanne asubuhi isinyeshe. Hakuona kwamba maombi hayo mawili yangeweza kukutana njiani. Aliamini huko juu kuna mpangilio.

Mpaka Kiabakari mpangilio ulikuwa safi. Alivaa shati jeupe na koti la suti la Pasaka, kitambulisho na kalamu mbili zimefungwa kwenye nailoni, maana karatasi aliziwekea tahadhari. Mwili ndio aliouachia imani. Vijana wa bodaboda walimpita wamevaa majaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, kama wanavyofanyaga asubuhi za baridi ili upepo usipenye kifuani. Mmoja alipunguza mwendo.

"Mzee, geuza koti. Hicho kifua utakizika leo."

Stanslaus alimtabasamia kwa kumhurumia. Mwenyekiti hawezi kwenda mtihani amejifunga nyuma mbele.

Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso, akalipokea kama baraka. La pili nalo. Baada ya hapo hayakuhesabika tena. Mvua ilikuja kubwa, isiyochagua shamba, vilevile kama ilivyoombwa, wala haikuruka barabara. Maji yaliingia shingoni yakatokea kwenye soksi. Alianza wimbo wa kanisani ili kujitia moyo, lakini meno yaligongana akaimba ubeti wa kwanza kama mtu anayesoma silabi kwa silabi. Upepo ulipochanganyika na maji, vidole vilikufa ganzi. Hakujua tena kama ameshika mpini au mpini ndio umemshika.

Alipofika Manyamanyama, mwanzo wa mji wa Bunda, alitaka kusimama ajikamue. Akaamuru vidole vikamate breki, vikakataa. Pikipiki ikaiacha lami taratibu, ikapanda kibaraza, ikasimama kwenye marundo ya sponji ya Jabiri, fundi wa viti vya pikipiki, bila kumuumiza mtu.

"Karibu," alisema Jabiri. "Kiti gani kimeharibika?"

"Hakuna. Nina mtihani."

"Basi shuka, mzee wangu."

"Vidole havifunguki."

Jabiri alivibandua kimoja kimoja. Mkewe, Hasna, aliyekuwa anauza uji na mayai ya kuchemsha kwenye kona ya kibaraza, alimimina kikombe akamshikia mdomoni kama mgonjwa. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika arobaini na mbili. Stanslaus alijaribu kukunja vidole kama ameshika kalamu, vikagoma. Kufika angefika, ila hata jina lake lisingesomeka.

"Na hii mvua imetoka wapi?" Jabiri aliuliza. "Jana tulikuwa tunatema vumbi."

Stanslaus alifikiria kunyamaza. Lakini alikuwa amelelewa kusema kweli, hasa akiwa amelowa. "Tuliiomba. Siku tisa."

"Nyie nani?"

"Jumuiya yetu. Mimi ndiye nilikuwa naongoza."

Jabiri aliweka mkasi chini. "Uliiomba mwenyewe, halafu ukatoka bila koti la mvua?"

"Kwa upande wangu niliomba ianze mchana."

"Yaani inyeshe mashamba yote, ikikuona unakuja isogee pembeni?"

"Ungemtajia na namba ya pikipiki," alisema Hasna, "isije ikamwacha mtu mwingine."

Stanslaus alicheka, na kucheka kulimpa joto kidogo, la kwanza tangu Kiabakari. Akakubali kuvuliwa koti la Pasaka. Jabiri alimkausha, akampa sweta lake, akamzungushia kifuani kipande cha ngozi bandia ya viti, nyekundu, halafu akachukua jaketi lake la kuendeshea, akamvalisha kinyumenyume na kumfungia zipu mgongoni.

"Sasa umekuwa dereva," alisema.

Hasna alitoa mayai mawili sufuriani, yanafuka moshi, akayafunga kwenye gazeti. "Moja kila mfuko. Usile, baba. Ukisimama popote, shika."

Saa mbili na dakika nane, msimamizi wa mtihani, mama mmoja mwenye miwani, alimkuta mlangoni mtu aliyevaa nyuma mbele, na mifuko imevimba.

"Mifukoni kuna nini?"

"Mayai, mwalimu."

Alitoa moja, akalifungua kwenye gazeti na kuligeuzageuza polepole, kuona kama gandani kuna chochote kilichoandikwa. Hakuona. Akalisogeza karibu na sikio, sijui alitarajia nini, kisha akalirudisha. "Gazeti linabaki huku. Mayai yaingie."

Stanslaus alikaa, akayashika mpaka vidole vikarudi kimoja kimoja. Alitaka kuomba, akakumbuka mwaka jana, akaomba macho wazi, maneno matatu tu: Bwana, nimefika. Akaandika jina lake, likasomeka. Aliandika mpaka muda ulipokwisha.

Jioni jumuiya ilikusanyika uani kwake kushukuru. Udongo ulinukia, watu wote wana furaha, na Masatu, jirani mwenye shamba kubwa kuliko wote, alisimama kumpongeza mwenyekiti kwa sala zenye nguvu. Hyasinta aliingia ndani, akalitoa koti la kijani msumarini, akamwekea mumewe magotini mbele ya watu.

Ikabidi asimulie yote, tangu petroli mpaka mayai. Alipofika kwenye kile kipengele chake cha usiku, Masatu alimkatiza.

"Ngoja, mwenyekiti. Kumbe sisi tukiomba alfajiri, wewe usiku ulikuwaga unapunguza?"

Walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Stanslaus alingoja watulie, akasimama na koti mkononi.

"Kesho nina karatasi ya Uraia," alisema. "Mbele yenu wote, na mbele ya mama Florian, naahidi: nitalivaa koti hili kuanzia mlangoni hapa, kinyumenyume, vifungo mgongoni, hata kama jua litawaka. Nitamrudishia Jabiri jaketi lake kwa mikono mikavu. Na nikiomba mvua tena, sitaiwekea saa."

"Nani atakufunga vifungo?" aliuliza Hyasinta.

"Wewe," alisema Stanslaus. "Nakuomba, mbele yao."