Hita ya Gari la Abdulkadiri

Kismayu nzima hakuna aliyehitaji gari lenye hita isipokuwa shemeji yangu Abdulkadiri. Gari lake la Kiitaliano lilikuwa kuukuu, rejeta imechoka, na kwenye mchanga halikwenda mbali bila kuchemka. Dawa ilikuwa moja: kufungua hita, joto la injini liwaingie abiria ndani. Watu waliiva, injini ikapona. Sasa rejeta ndogo ya hita, ile inayokaa chini ya dashibodi, ilikuwa imetoboka, na gari halitoki uani.

Nyumbani humo alikuwemo Salme, mke wangu. Mwezi wa pili huo yuko kwa kaka yake, amekasirika. Nilikwenda kumtaka mara tatu, mara tatu nikarudishwa mlangoni. Mara ya nne Abdulkadiri akaniambia, "Tengeza gari, Gharibu. Likenda, nitamleta mwenyewe hadi Gobweni kwako."

Alikuwa amepata rejeta mbili kutoka magari yaliyokufa. Moja imepakwa rangi nyeusi, inang'aa. Ya pili imebonyea, imeota kutu ya kijani. Nikaomba karai la maji nizizamishe, nipulize, nione ipi inatoa mapovu.

"Funga iyo nyeusi," akasema. "Mchu wa kukalafati vyombo Kudha hanisomeshi gari."

Alisema hayo, akiidharau kazi yangu ya kuziba mashua, mbele ya wapagazi wake, nao wakacheka. Kisha akaenda zake dukani.

Nilizipima hata hivyo. Ile mbovu ya sura haikutoa povu hata moja. Nyeusi ilitoa mapovu kwenye kiungo chote. Ningemfuata dukani nimwambie. Sikumfuata. Nilikuwa namchukia mtu yule, nasema wazi. Nikachukua pamba, nikaichovya mafuta ya papa, nikaishindilia kwenye kiungo kama ninavyoziba mbao za chombo. Kwa maji baridi ingeshika. Injini ikipata moto njiani, maji yangemwagika miguuni mwa aliyekaa mbele. Na mbele, pembeni mwa dereva, hakai mtu ila Abdulkadiri na kanzu yake nyeupe.

Nikaunga mipira, nikakaza vibana, nikajaza maji. Halikudondoka tone. Roho yangu ikaburudika.

Alasiri wakatoka. Nyuma wakapakia sanduku, mikeka na shangazi yao Khamisa, ambaye peke yake ni mzigo. Abdulkadiri akashika usukani mwenyewe, ili mji umwone anavyomrudisha dada yake.

"Salme, keti mbele," akasema.

Akaketi. Akavua viatu, akanyoosha miguu chini ya dashibodi. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke, akatabasamu.

Injini ikawaka. Nilijiambia nitapanda nyuma, nitamwambia dereva asimame kabla ya mchanga, nitatafuta uongo. Gari likaanza kuondoka. Nikalifuata mbio, nikaufungua mlango wa Salme.

"Shuka. Rejeta ni mbovu, mayi ya mocho yatakumwaikia."

"Umejuaje?"

"Niliipima."

"Kabla ya kuifunga?"

Abdulkadiri alizima injini, anafurahi kuliko siku ya harusi yake.

Salme akaitazama miguu yake, kisha akamtazama kaka yake. "Na angeketi yeye?" akaniuliza.

Nilitaka kusema kwamba angestahili. Nadhani aliliona hilo usoni pangu, maana hakungoja. Alishuka, akavaa viatu vyake na kuingia ndani, na shangazi Khamisa akamfuata na mkeka mmoja kwapani.

Nikaitoa nyeusi, nikafunga ile ya kijani. Magharibi ilikuwa karibu nilipomaliza. Niliwasha injini, nikafungua hita, ikanipiga joto safi miguuni. Hakuna tone. Nikapiga hodi, nikasema gari tayari.

Abdulkadiri alitoka peke yake. "Panda nikufikishe kwako, shemeji," akasema. "Mbele hakuna mchu."