Talaka ya Mheshimiwa

Mjukuu wangu Faraji nimemlea mie, hapahapa Chanika, tangu mama yake afariki. Na kama ilivyo kwa bibi na mjukuu, tuna utani wetu: yeye mume wangu, mie mke wake. Akiwa mdogo aliniletea ubuyu kwenye kiganja, mikono myekundu, anasema, "Mke wangu, matumizi hayo."

Mume akakua, akagombea udiwani, akapata. Diwani wa kandambili! Mtaro ukiziba, yumo ndani. Msibani alikuwa anakuna nazi mpaka wanawake wanamfukuza. Nami sokoni nilikuwa naringa: "Mume wangu huyo, msimtolee macho."

Sasa kawa mbunge. Mola wangu! Suti, miwani, na sauti imeshuka mpaka tumboni. Zamani shimo la barabarani aliliita shimo. Siku hizi ni "changamoto ya miundombinu." Shimo lenyewe liko palepale, jina tu ndilo limerefuka.

Juzi, kabla ya mkutano wake wa hadhara, akanitumia msaidizi wake, kijana anaitwa Brightson. Adabu anayo, shikamoo kanipa, soda kanywa. Kisha akaanza kujikunakuna.

"Bibi, lile neno 'mume wangu', mbele za watu tuliache. Watu wanarekodi, wanakata kipande, wanarusha mtandaoni. Muite Mheshimiwa tu. Tunalinda taswira yake."

"Mwenyewe kasema hivyo?"

"Kasema nije tuongee."

Roho iliniuma, siwafichi. Babu yao kafa, rika langu lote limetangulia. Aliyebaki kuniita mke ni huyo mmoja, naye ndiye kanitumia mtu.

Nikaenda mkutanoni na kanga mpya, nikakaa mbele. Alipomaliza maneno yake marefu, akaomba wazee waseme lolote. Nikashika kipaza sauti, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Bibi amwamkie mjukuu? Kwetu hiyo ni laana, imekosa ubani tu. Faraji kanaswa. Akiitikia marhaba, kajilaani. Asipoitikia, kanidharau mbele ya jimbo zima. Brightson, maskini, alikuwa ananionyesha dole gumba.

Faraji akashuka jukwaani, akapiga magoti vumbini na suti yake.

"Mke wangu, nimekosa nini?"

"Mke yupi? Si umeniletea talaka? Tena kwa mkono wa mtu, mwenyewe hata kuja hukuja!"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, maneno yakafika mpaka kwa wauza mkaa. Watu hoi kwa kicheko, simu zote juu zinarekodi.

"Nimekurejea, mke wangu. Mashahidi hawa hapa."

"Sirejewi kwa maspika mie. Nipo edani. Njoo nyumbani, peke yako."

Nikampa kipaza sauti chake, nikaondoka. Njiani nilijuta, nikasema leo nimempoteza kabisa.

Jioni mlango ukabishwa. Kandambili. Akaingia jikoni, akavuta mbuzi ya nazi, akakaa. Mikono imeshakuwa laini, nazi inamshinda.

"Shikamoo, mke wangu."

Nilitaka kumnunia kidogo zaidi, nikashindwa.

"Marhaba, mume wangu," nikamwambia. "Kuna upesi. Nina njaa tangu uwe mbunge."