Vipindi Viwili na Nusu

Kitendawili! Mgeni wangu kaingia kwa sikio, kakaa kwangu miaka minne, na sijampikia hata uji. Fikiri, usiharakishe. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Harbin ya Uchina, haya, nimekwenda Harbin majira ya barafu, nimekula jiaozi, vile vifurushi vya unga vya kuchemsha, vya kabichi chachu nikashiba, na jibu ni hadithi ya kusikiliza. Nimeikuta kwa Mzee Kong Delin na mkewe, Song Fengqin.

Wazee hawa walikuwa na visikilizio jozi moja tu, vya waya. Kimoja sikio la kushoto la mzee, kingine sikio la kulia la bibi, na hata sokoni walitembea hivyo, kama maksai wa nira moja. Hadithi yao ilihusu binti mwenye upanga wa barafu, anayepanda mbwamwitu mzee kutafuta maji ya kutokufa. Ilikuwa na vipindi zaidi ya elfu, kila kimoja dakika ishirini. Saa ya ukutani iliisha betri, na hakuna aliyejali. Unga ulipumzika kipindi kimoja na nusu, supu ikaiva kwa viwili. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: hakuna kumtangulia mwenzako.

Jana waliishia kipindi cha 812, mbwamwitu akiporomokea gengeni. Leo asubuhi Fengqin akafungua simu, akaona alama imesimama mwisho wa 816.

"Chumvi imetosha?" Mzee Kong aliuliza kutoka dirishani, anamenya vitunguu saumu.

"Achana na chumvi! Ulisikiliza bila mimi?"

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Akageukia dirisha lililoganda barafu.

"Ndiyo, geuka! Uso wa kunitazama utautoa wapi?"

Kimya. Mzee Kong akinuna hununa kweli. Mara moja alinuna tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Fengqin naye si mtu wa kubembeleza. Akatia visikilizio vyote viwili masikioni mwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza 813 peke yake. Akafunga jiaozi moja baada ya nyingine kwa hasira, kingo zikatoka zimepinda. Sauti nzito ya msimulizi ikamjaza kichwa. 813 kikaisha. 814 kikaisha. Mara mbili alimtupia mumewe jicho, akaona mgongo tu.

Ndipo jirani yao, Bibi Pang, akaingia na bakuli kuomba siki.

"Shemeji, leo hata salamu hakuna?" Akamzunguka mzee, akamtazama usoni. Bakuli likamponyoka. "Fengqin! Toa hayo madude masikioni! Mdomo wa mumeo umekwenda upande!"

Mkono wa kulia wa Mzee Kong ulikuwa umening'inia. Vitunguu vimetapakaa sakafuni. Macho yake yalikuwa wazi, yanamtazama mkewe, na machozi yanashuka.

Bibi Pang ndiye aliyeita gari la wagonjwa, Fengqin alikuwa amemshika mumewe asianguke.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, maneno yake ya haraka. "Bibi, ni kiharusi. Damu imeganda kichwani. Ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini ina muda wake. Muda ukipita inaua badala ya kuponya. Ilianza saa ngapi?"

"Sijui."

"Mara ya mwisho kumsikia akiongea vizuri?"

"Asubuhi. Aliuliza chumvi."

"Asubuhi saa ngapi? Bibi, nisipojua siwezi kumchoma sindano."

"Saa yetu imekufa! Nilidhani amenuna tu!" Fengqin akajipiga kifua. Mume anazama mbele yake, na yeye anamnunia. "Nilikuwa nasikiliza zangu…"

Hapo akakumbuka. Akaitoa simu, waya bado unaning'inia.

"Vipindi viwili na nusu," akasema.

"Vipindi vya nini?"

"Alinyamaza, hapo hapo nikaanza 813. Bibi Pang alipoingia nilizima katikati ya 815. Tazama, dakika ya kumi. Kabla ya hapo sikusimamisha hata mara moja, nilikuwa na hasira."

"Kila kimoja muda gani?"

"Ishirini."

"Dakika hamsini." Daktari alikwisha geuka. "Na gari limeitwa saa mbili na dakika kumi. Ilianza saa moja na dakika ishirini. Muda upo! Leteni dawa!"

Siku tatu Fengqin alikaa kando ya kitanda. Mkono wa mzee ulianza kukunjika kidogo kidogo, lakini ulimi haukutaka. Muuguzi alimwuliza jina, akatoa mvumo. Akamwonyesha kijiko, mvumo ule ule. Fengqin alienda kulilia chooni, akanawa uso, akarudi. Simu hakuigusa, mbwamwitu alikuwa bado gengeni na kwake Fengqin abaki huko huko.

Siku ya nne akasema, "Mzee wangu, tusikilize. Tuanzie 813, pamoja." Akamtia kisikilizio sikio la kushoto, yeye akatia la kulia. Kidole chake kilipokaribia simu, mkono wa mzee ukamzuia.

"Ni…" Jasho likamtoka. "Nili…"

"Usijichoshe."

Mzee akatikisa kichwa kwa ukali, kama anayefukuza nzi.

"Nili-si-ki-liza," akasema. Akapumua. "Wewe unalia sana. Nilitaka… nijue kwanza. Mbwamwitu akifa… nikushike mkono mapema."