Kiti cha Baba Nokwazi

Zibuyile aliipanga safari ya Durban kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mikono ilikwenda, akili ikafuata, moyo haukuulizwa. Nepi za mwanawe Sbani, maana kwa miaka yake mitatu bado alikuwa akilowesha akilala. Mifuko ya plastiki ya kutapikia, kwa sababu dada yake Nokwazi, mwenye miaka sita, hajawahi kupatana na kona za barabara. Sweta, taulo, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha. Majirani pale Ezakheni walisema mjane huyu anajikaza. Waache waseme. Zibuyile hakuwa akijikaza, maana hakuwa na kitu cha kukaza. Tangu amzike mumewe alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaushika, haukwambii kitu.

Mumewe, Mbongeni Mazibuko, alikuwa dereva wa lori. Moyo ulimsimama akiwa kwenye usukani, katika foleni ya kuingia bandari ya Durban, na malori ya nyuma yakampigia honi weee, yakidhani amelala. Mwili uliletwa nyumbani, akazikwa kwa heshima zote, watu wakala, wakashiba, wakaondoka. Kilichosahauliwa ni yeye mwenyewe. Hakuna aliyekwenda na tawi la mlahlankosi, mti wa kurudishia roho za wafu kwao, pale alipokata pumzi, akamwita kwa jina la ukoo, akamwambia, haya, simama twende nyumbani. Kaka alidhani binamu atakwenda, binamu akadhani kaka ameshakwenda. Ndugu wakiwa wengi mno, ndivyo mambo yanavyoanguka katikati yao.

Ikawa Septemba. Kaka mtu, Bhekumuzi, akaanza kumwota. Marehemu amesimama kando ya barabara ya malori, kikombe cha chai mkononi, anauliza kila gari linaelekea wapi. Mara ya kwanza Bhekumuzi alinyamaza. Mara ya pili alikuja kwa mama yake asubuhi hajanawa uso, na mama, MaKhoza, akasema kumbe mtoto wangu analala nje wakati mimi nalala kitandani. Siku hiyohiyo ikaamuliwa waende kumchukua.

Basi Zibuyile akaambiwa apange, na akapanga vizuri, tena vizuri mno. Mduduzi, jirani yao, ataendesha, gari ni lake. Ijumaa watashuka mapema, watavuka mto Thukela, watapita Mooi River na Mgungundlovu, na mchana watakuwa Durban. Watoto watakanyaga maji ya bahari. Watalala Umlazi kwa binamu yake Zibuyile. Jumamosi alfajiri watakwenda kwenye ile barabara ya malori na tawi, na kutoka hapo ni nyumbani moja kwa moja, bila kusimama ila kwa mafuta na haja ndogo. Bahari lazima itangulie, alisema, maana marehemu akishapanda gari hazungushwi mjini kama mzigo wa sokoni.

Hilo la watoto ndilo lililozua maneno.

Mbongeni alikuwa amewaahidi bahari. Kila akirudi kutoka bandarini Nokwazi alimnusa shati na kumwuliza itakuwa lini, naye alijibu likizo ijayo. Siku ya maziko watoto walifungiwa kwa jirani na biskuti, wakubwa wakisema ni wadogo, hawataelewa. Kwa hiyo Nokwazi hakumwona baba yake akiondoka, na bahari nayo hakuiona. Tangu hapo amekuwa akimwuliza mama yake swali moja tu kila jioni: tutakwenda lini kumchukua Baba? Zibuyile alikuwa ameshamwambia Ijumaa. Jambo pekee lililokuwa likimsumbua katika ganzi ile lilikuwa kwamba huenda akalazimika kurudi kwa mtoto huyo na kumwambia hapana.

Na MaKhoza alisema hapana. Alisema bila ukali, akichekecha unga. Gari lina viti vitano. Mduduzi kwenye usukani, yeye MaKhoza mbele kwa ajili ya magoti yake, Bhekumuzi nyuma na tawi, Makoti nyuma mlangoni na nguo zake nyeusi, na kiti cha katikati ni cha marehemu, hakikaliwi na mtu wala hakiwekwi hata mkoba. Sasa watoto watakaa wapi, juu ya baba yao? Alimwita Zibuyile Makoti, bi harusi, kama wakwe wote wanavyofanya, na angeendelea kumwita hivyo hata akiota mvi.

Viti vilikuwa kisingizio, kila mtu alijua. Kilichomtia hofu MaKhoza ni midomo. Mwenye tawi haongei na walio hai. Anaongea na marehemu tu, anamwambia kila mto, kila kona, sasa tunapanda gari, sasa tunashuka. Akimjibu mtu mwingine njiani, basi, aliyekuwa akimfuata anabaki hapohapo, na hakuna ajuaye ni kichaka gani. Sasa watie humo ndani watoto wawili. Baba Mkubwa, nataka maji. Baba Mkubwa, yule ng'ombe ni wa nani. Na huyo Baba Mkubwa ni nani? Ni Bhekumuzi, mtu anayemjibu mchungaji kanisani hata pale mchungaji anapomwuliza Mungu.

Bhekumuzi aliudhika. Alisema akiamua kunyamaza, hata mawe yatamwonea wivu. Zibuyile naye akasema, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kuomba chumvi, kwamba watoto wanaweza kufundishwa. MaKhoza akawatazama wote wawili, akafuta mikono yake.

"Haya. Gari hilo hapo uani," alisema. "Ingieni mkae mpaka ugali wangu uive. Akinyamaza yeye, watoto waende, mimi nitabanana. Akiongea, watoto wanabaki."

Bhekumuzi alitaka kwenda kukata tawi kabisa, mama yake akamkemea kwamba mlahlankosi si kitu cha mchezo, akampa mwiko.

Wakaingia. Mduduzi akashika usukani wa gari lililozimwa. Bhekumuzi alikaa mbele, mwiko wima mbele ya kifua kama askari wa gwaride. Nyuma, Nokwazi dirishani, kiti cha katikati kitupu, na Zibuyile upande wa pili amempakata Sbani. MaKhoza aliacha mlango wa jikoni wazi ili asikie.

Bhekumuzi alianza vizuri, mwenye haki tumpe haki yake. Alimwita nduguye kwa jina la sifa la ukoo wao, Mwelase, akamwambia ndiyo tunaondoka sasa, tunatoka langoni. Sbani akasema anataka kukojoa. Kimya. Sbani akasema anataka yai. Kimya. Akamvuta Baba Mkubwa sikio kutoka nyuma, na Baba Mkubwa akamwambia marehemu kwamba sasa tunavuka Thukela, maji ni mengi mwaka huu. Sikio lilimwaka moto, lakini mdomo haukuteleza. Zibuyile aliyaona yote hayo na kufikiri kwamba mayai ya ziada yangehitajika.

Ni Mduduzi aliyeharibu. Kukaa bure kulimchosha, akaanza kupiga vidole kwenye usukani, na kwa sauti ya mtu anayejisemea akasema kwamba penalti ile ya Jumapili ilikuwa halali kabisa.

"Halali ya wapi?" Bhekumuzi akageuka mzimamzima na mwiko wake. "Mpira umempiga begani, wewe huna macho?"

Papo hapo akajiziba mdomo kwa mwiko. Lakini ndiyo hivyo tena, maji yalikuwa yameshamwagika. Jikoni mwiko mwingine uliacha kukoroga. MaKhoza akatokea mlangoni, na hakucheka, japo wengine wangecheka. Alisema kwa huzuni tu kwamba mmeona wenyewe, mwanangu mmemshusha Thukela. Akawaambia watoto watoke, waje kula.

Mduduzi akafungua mlango. Sbani akateleza chini na kukimbilia harufu ya chakula. Zibuyile alitoa mguu mmoja nje. Alikuwa tayari akipanga upya kichwani: watoto wabaki na jirani yuleyule, biskuti anunue, nepi azitoe kwenye mfuko. Alitafuta ndani yake huruma ya kumwonea Nokwazi, akapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, hakuipata, na kutoipata huko nako hakukumuuma.

Nokwazi hakuwa ametoka. Tangu waingie hakuwa amesema hata neno moja, na hakuna aliyegundua. Sasa aliuvuta mkanda wa kiti cha katikati, akahangaika nao mpaka ukabana, juu ya kiti kile kitupu. Akakiinamia.

"Baba, usishuke," alisema polepole, kama wanavyoongea watoto wakicheza peke yao. "Bado tuko uani. Thukela hatujafika, Baba Mkubwa alikuwa anajifunza. Sbani ameenda kula. Bibi yuko mlangoni, amekasirika lakini si na wewe. Mduduzi ndiye anaendesha, ujue."

Akasita, akamtazama mama yake aliyekuwa nusu ndani nusu nje, kisha akarudi kwa baba yake na kuteremsha sauti, kama mtu anayemsitiri mwenziwe.

"Na Mama yupo. Yuko upande wako wa pale, mlangoni. Siku hizi haongei na wewe wala na sisi, kwa hiyo usiposikia sauti yake usidhani tumemwacha. Yupo."

Bhekumuzi aliuteremsha mwiko magotini. Mduduzi alitazama vidole vyake. Pale mlangoni MaKhoza alisimama na kitambaa cha jikoni mkononi, mwanamke aliyezika mume na wana wawili, na alipoongea hakumwangalia mtu.

"Mimi sitakwenda," alisema. "Pombe lazima ipikwe, na wa kumpokea langoni lazima awepo. Nileteeni chupa ya maji ya bahari, ile kubwa. Bhekumuzi, wewe kaa hapohapo mbele, ushike tawi, umwite kwa majina yake, halafu ufunge huo mdomo. Njia atamweleza binti yake."

Bhekumuzi akafungua mdomo kujibu, akakumbuka, akaufunga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumshinda mtu siku hiyo, hata kama mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Zibuyile alikuwa bado na mguu mmoja nje. Alijua inampasa afurahi, kwa kuwa mpango wake umepita, watoto wanakwenda. Akarudisha mguu ndani, akafunga mlango. Ndani ya gari kulikuwa na joto na harufu ya mayai. Alikitazama kiti. Mkanda ulikuwa umelala juu ya kitambaa kilichochakaa, umebana kitu kisichokuwepo, na mtoto aliufunga sawasawa, kama baba yake alivyomfundisha.

Ndipo ikaanza. Ilianzia mbali, kama ganzi inavyoachia mkono, na aliyewahi kuulalia mkono anajua kwamba uchungu hauji wakati wa kufa ganzi, unakuja wakati wa kuachia. Ilimchoma kifuani. Alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kumwambia Mbongeni kuhusu honi, kwamba hazikuwa za haki, watu hawakujua. Alitaka kumwuliza kwa nini amesimama huko na chai kama mtu asiye na kwao. Lililotoka ni neno moja tu, lililoota kutu kwa kukaa bila kutumika.

"Nipo," alisema.

Nokwazi alikuwa ameegemea kiti cha baba yake. Hakugeuka kumwangalia mama yake aliyekuwa akilia kwa sauti, huku Bhekumuzi kule mbele akiuma kingo za mwiko ili asiseme kitu. Mtoto alikuwa na kazi, na aliifanya.

"Baba," alisema, "umemsikia? Sasa tunakuja."